Mjomba Kutoka Pemba: Namna ya Kutengeneza Vichekesho vya Dada Watatu na Jini Wao, Tanga

Ukisema Dar kwamba wewe ni mtu wa Tanga, mzaha wa kwanza utakuwa wa mapenzi na wa pili wa majini. Mimi na wenzangu wanne tumeusikia huo wa pili mpaka tukauchoka, tukasema basi, kama ni majini, tuwatoe wenyewe. Tukatunga mfululizo wa vichekesho vya kifamilia: dada watatu, nyumba moja huko Ngamiani, mjini Tanga, na jini anayetimiza matakwa. Tumeshapiga epsodi sita kwa simu ya mkononi. Ninayoyaeleza hapa ni mpangilio ambao tungeufuata kama tungekuwa na akili tangu siku ya kwanza. Sisi tulianza na hatua ya sita, tukarudi nyuma tukiona haya.

Hatua ya kwanza: tafuta nyumba, jini atakuja

Usianze na jini. Anza na nyumba, na bahati yako ni kwamba ukiwa Ngamiani, kuanzia Barabara ya Kwanza mpaka ya Ishirini na Moja, nyumba yenyewe imeshachorwa kwa ajili ya vichekesho. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Hakuna mtu anayeweza kutoka chumbani kwenda msalani bila kupita ukumbini, kwa hiyo hakuna siri. Mzungu akitengeneza vichekesho vya namna hii hujenga studio yenye sebule na ngazi ili watu wapate mahali pa kugongana. Wewe unao ukumbi, na watu wanagongana bure.

Zigawe sehemu hizo tatu kikazi. Barazani ni kwa watu wa nje: jirani, muuza kahawa, mdai, mchumba. Ukumbini ni kwa familia. Uani ndiko kwenye jiko, kisima au bomba, na siri. Jini anakaa uani. Kila kichekesho chetu kizuri kimetokana na jambo la uani lililopita ukumbini likielekea barazani, na dada watatu wakilikimbilia kulizuia. Ukilielewa hilo peke yake umeshapata nusu ya skripti.

Angalia pia upande wa jua. Uani kwetu kunafaa kupigwa picha kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi. Baada ya hapo jua liko utosini, na nyuso za watu zinakuwa na vivuli vyeusi chini ya macho kama wameamka na homa.

Hatua ya pili: dada, na kila mmoja anakosa nini

Usiwape tabia, wape upungufu. Wetu ni hawa. Da Hawa, mkubwa, anauza mbaazi za nazi na mahamri barazani kila asubuhi, anakosa muda. Zuwena wa katikati ana kibanda cha kutuma na kutoa pesa; kutwa nzima anahesabu pesa za watu, zake hana. Tatu, kitinda mimba, yuko kidato cha tatu. Anakosa heshima, maana hata akiongea la maana anaambiwa akaoshe vyombo. Baba yao ni dereva wa lori. Hurudi bila taarifa, na kurudi kwake tunakutumia tunapoishiwa mbinu.

Wadogo wanamwita mkubwa wao "Da Hawa", hawamtaji jina kavu hata wakigombana. Hili si dogo. Tulipokuwa tunasoma skripti ya kwanza, mwenzetu aliyelelewa kwingine alikuwa ameandika Tatu akimwambia dada yake "Hawa, wewe una matatizo gani?" Bibi mwenye nyumba, ambaye alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele, aliinua kichwa akauliza huyo mtoto ni wa nani. Ugomvi wa dada wa Kiswahili unanoga kwa sababu heshima ya maneno inabaki wakati maana imeshachafuka. "Da Hawa, mimi sikukatazi, ila watu wakikucheka nisitajwe" inauma zaidi ya tusi.

Hatua ya tatu: jini na masharti yake

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanampa jini uwezo wote, na epsodi ya pili wanakuta hawana hadithi, kwa sababu familia yenye jini anayeweza kila kitu haina shida tena.

Watu wengi wanadhani matakwa lazima yawe matatu. Kisa cha Aladini, kile ambacho Mfaransa Antoine Galland alisimuliwa huko Paris mwaka 1709 na Hanna Diyab, mtu wa Halab, hakina hesabu hiyo. Mwenye taa anaomba kadiri anavyotaka. Kwa hiyo uko huru kuweka masharti yako, na sisi watu wa pwani masharti ya majini tumeyazoea kuliko mtu yeyote. Kila mtu amesikia kwa bibi yake kwamba fulani ana pepo wake, na pepo huyo anataka ubani, anataka kitambaa cheupe, anataka halua, hataki kelele. Jini wa Tanga hatoi bure. Yeye ndiye mwenye madai.

Masharti ya jini wetu ni manne. Anakaa ndani ya mdila wa kahawa, ule wa shaba wenye mdomo mrefu, na takwa moja hugharimu kahawa moja tungu na kipande cha halua. Anasikia maneno, hasikii nia. Alichokileta hurudi kilikotoka ikiadhiniwa magharibi. La nne ndilo lililotuokoa: haumbi kitu, anachukua. Ukiomba sahani, ataleta sahani ya mtu. Ukiomba laki tano, ataleta laki tano za mtu, na Zuwena alipoziomba zikaja zimefungwa kwenye leso ambayo Da Hawa aliifahamu mara moja, kwa kuwa ni leso ya kijumbe wa upatu wao.

Sharti hilo la nne lina faida mbili. Ya kwanza, wazee walitulia. Tulipomweleza mzee mmoja wa mtaani kwamba tunatengeneza mchezo wa jini, uso ulimkunjamana. Tulipomwambia huyu haumbi, kuumba ni kwa Mwenyezi Mungu, yeye ni mwizi tu, alicheka mpaka akakohoa. Ya pili, kila takwa linaleta mgeni barazani. Kitu kina mwenyewe, na mwenyewe atabisha hodi. Mipaka ya wizi tuliiweka kuanzia Mto Zigi mpaka Pangani, ili mwenye mali aweze kufika kwa bodaboda kabla epsodi haijaisha.

Na sharti la kurudi magharibi linakuondolea mzigo mkubwa wa kikazi. Nyumba inarudi kama ilivyokuwa, epsodi inayofuata inaanza upya, na mtu anaweza kuitazama ya nne bila kuiona ya kwanza.

Hatua ya nne: majirani wataambiwa nini?

Mwanamume mzima anaonekana kwenye nyumba ya wasichana watatu. Ngamiani. Hiyo siri itadumu dakika ngapi? Lazima awe na cheo cha ukoo, na sisi tulimfanya mjomba kutoka Pemba. Neno Pemba linajibu maswali mengi kwa mpigo mmoja: kwa nini anavaa kanzu na kofia ya kiua siku ya Jumanne, kwa nini ananukia udi, kwa nini Kiswahili chake ni cha zamani. Jirani akitia shaka, shaka yenyewe inachekesha.

Ujomba unatatua jingine pia. Mtazamaji wa kwetu akisikia jini yuko na wasichana, kitu cha kwanza kinachomjia ni jini mahaba, na ukimwacha afike huko, umeshapoteza mchezo wa kifamilia. Hata wenye uzoefu waliteleza hapo: tamthilia ya Marekani ya I Dream of Jeannie, iliyoanza mwaka 1965, ilimwozesha jini kwa bwana wake mwishoni mwa mwaka 1969, na mwaka 1970 ikafikia tamati. Mjomba haolewi wala haoi. Anakaa uani, anadai kahawa.

Swali la shikamoo litajitokeza lenyewe. Mjomba ana miaka mia saba. Anapokuja mzee wa mtaa wa miaka sabini, nani anamwamkia nani? Sisi tuliwafanya wote wawili wasubiri. Sekunde tisa za ukimya, wazee wawili wanatazamana, na Tatu katikati yao na sinia la kahawa. Katika epsodi zote sita hakuna mahali watu walipocheka kama hapo, na hakuna mtu aliyesema neno. Marehemu King Majuto, mtu wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018, alikuwa na kipaji hicho hasa cha kumwangalia mwenzake tu na watu wakaanza kucheka. Watazame wazee wenu wanavyonyamaza.

Hatua ya tano: takwa ni neno, na neno lina mtego

Hatua hii ndiyo ninayoipenda, nitakaa hapa kidogo.

Ikiwa jini anasikia maneno bila nia, basi injini ya mchezo ni maneno yenye maana mbili, na Kiswahili kimejaa. Mbuzi ni mnyama na ni kile kiti cha kukunia nazi. Kanga ni vazi na ni ndege. Taa ni ya kuwashia na ni samaki. Mto ni wa kulalia na ni wa maji. Tembo ananguruma na tembo inalevya. Keti na daftari nusu saa, utapata za msimu mzima.

Lakini kuna mtego ndani ya mtego, na sisi ulitunasa. Sarufi inafichua. Ukisema "mbuzi mzuri" ni mnyama, ukisema "mbuzi nzuri" ni ya nazi; ukisema "wangu" au "yangu" umeshatoa siri. Mtazamaji anajua kitakachotokea kabla ya jini, au mbaya zaidi, anamwona jini mjinga kwa kukosea jambo lililo wazi. Takwa lazima lisemwe kwa namna ambayo hata profesa angekubali maana zote mbili.

Dawa yake ni hii. Tumia sifa zisizobadilika: safi, imara, ghali, rahisi, laini. Tumia "mpya" kwa kitu kimoja, maana mnyama ni mbuzi mpya na ya nazi ni mbuzi mpya. Usitaje idadi, kwa sababu "mbili" na "wawili" zitakuumbua. Usiweke umilikishi. Kitu chenyewe kisiwe mtendaji wa kitenzi, kiwe kinachoombwa: "niletee kanga", wala si "kanga ije", maana "ije" imeshafichua. "Mto" pekee unakupa uhuru kamili, kwani wa kulalia na wa maji wote wako ngeli moja. Sema mrefu, mpana, wenye ubaridi, utakavyo.

Hivi ndivyo sini yetu ya kwanza ilivyokaa baada ya kuandikwa mara nne:

UANI. ALFAJIRI.
Da Hawa anakuna nazi. Mbuzi inayumba, meno yamekwisha. Sufuria ya mbaazi inachemka.

DA HAWA: Mbaazi zimeiva, mahamri hayajaumuka, nazi haikuniki. Mjomba!
MJOMBA (sauti, ndani ya mdila): Kahawa.
DA HAWA (anamimina): Haya, kunywa. Naomba mbuzi mpya.
MJOMBA: Mpya kiasi gani?
DA HAWA: Mpya kabisa! Upesi, wateja wameshakaa.
Kimya. Da Hawa anapuliza jiko. Nyuma yake, sauti nyembamba: meee.
Tatu anatoka chumbani na mswaki mdomoni. Anatazama chini.
TATU: Da Hawa, huyu bado kitovu hakijakauka.
MJOMBA: Kazaliwa jana usiku. Mpya kuliko huyo sijamwona.
Kutoka barazani, sauti ya mwanamke: Hodi! Jamani, hodi!

Tazama jinsi swali la "mpya kiasi gani" linavyofanya kazi. Bila hilo, jini anakosea. Kwa hilo, jini ni fundi makini aliyehakikisha maelekezo ya mteja, na kosa linarudi kwa Da Hawa, ambaye hana muda. Upungufu wake wa hatua ya pili ndio uliomponza. Takwa likikosewa kwa sababu ya tabia ya mwombaji, watu wanacheka kwa kumfahamu. Likikosewa tu kwa bahati, wanatabasamu na kuendelea kuperuzi.

Onyo dogo: taa samaki anajulikana na watu wa pwani yetu, wa Deep Sea na Sahare, lakini kijana wa Dodoma hamjui. Tulikata.

Hatua ya sita: kumtokeza na kumpoteza

Sasa uchawi. Huhitaji kompyuta ya mamilioni. Mbinu ni kongwe kuliko reli yetu kufika Moshi. Mfaransa Georges Méliès alisimulia kwamba mwaka 1896 alikuwa akipiga picha barabarani Paris, kamera ikakwama kidogo, ikaendelea. Alipotazama filamu yake, basi la farasi lilikuwa limegeuka gari la maiti. Hakuna kilichogeuka, kamera ililala tu huku magari yakipishana. Mbinu ni hiyo hiyo, nawe unaifanya kwa simu.

Weka simu kwenye stendi, na stendi ifunge chini kwa mfuko wa mchanga. Mchanga wa Raskazone hauuzwi. Simu iweke hali ya ndegeni (airplane mode), maana simu itakayopigwa na shangazi katikati itakusogezea picha. Gusa mahali atakaposimama jini, ushikilie kidole mpaka alama ya kufuli itokee. Hapo simu haitabadilisha tena mwanga wala umbali. Usipofunga mwanga utalia. Mara yetu ya kwanza Mjomba alitoweka vizuri sana, lakini ukuta mzima ukageuka kutoka rangi ya siagi kuwa kijivu, kwani mtu wa kanzu nyeupe alipoondoka simu ikaona giza imeingia na kujirekebisha.

Anza kurekodi na usisimamishe. Mjomba anasema neno lake, anapiga kofi. Palepale anayeongoza anasema "ganda!" na kila aliye kwenye picha anaganda. Mjomba anatoka taratibu, kwa upande ambao hatamgusa mtu wala pazia. Ukimya sekunde tatu. Kisha "endelea!", na dada wanashtuka. Ukiediti, unakata kipande chote cha katikati, kuanzia kofi hadi ukimya.

Kuganda ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mtu aliyesimama wima anayumba bila kujijua. Mwambie aegemee meza, au akae, au ashike nguzo. Chora miguu yake kwa chaki. Kadiri watu wanavyokuwa wachache kwenye picha ndivyo inavyokuwa rahisi; sisi humpiga Mjomba akitoweka mbele ya dada mmoja, wengine wawili wanaingia baadaye kuuliza yuko wapi.

Halafu kuna adui wasioambilika. Saa ya ukutani, iondoe. Pazia, lifunge kwa pini. Mvuke wa sufuria, zima jiko. Mnazi wa jirani unaoonekana juu ya ukuta wa uani: wakati wa upepo wa kusi unacheza mchana kutwa, na ukikata picha makuti yanaruka kama yameshtuliwa. Elekeza simu chini kidogo usiuone. Wingu likipita katikati ya kuganda, rudieni. Na paka. Paka wa Ngamiani hapokei maelekezo.

Mwisho weka sauti mahali pa mkato. Sisi tulipiga kofi la kitambaa kilicholowa juu ya sakafu. Sikio likipata kitu, jicho linasamehe hata kama mkono wa dada umeruka nusu inchi.

Ule mto wa maji? Hatukuonyesha mto. Zuwena anaomba mto mrefu wenye ubaridi alale, mlango wa chumba unafungwa, maji yanatoka chini ya mlango. Ndoo mbili, mtu mmoja nyuma ya mlango. Kisha sauti ya kiume kutoka ndani: "Jamani, hapa bado Zigi?" na ncha ya kafi ikachungulia. Gharama yake ilikuwa kukausha sakafu.

Hatua ya saba: moshi

Ubani kwenye chetezo, makaa yakiwa yameshika vizuri. Moshi hauonekani kwenye kamera ukiumulika kwa mbele. Weka chetezo kati ya simu na dirisha, mwanga utoke nyuma, utauona unajikunja mweupe hata ukiwa kidogo. Udi ni ghali, na kamera haisikii harufu, uache.

Na usifukize usiku wa kuamkia Ijumaa. Sisi tulifanya hivyo bila kufikiri. Tulipofungua mlango tukamkuta mama mmoja barazani, kakaa kwa adabu na chupa tupu mapajani, anasubiri zamu yake; ameona moshi, amesikia mtu anaongea Kiswahili cha kale, akajua kuna mganga mgeni. Ilituchukua muda kumweleza, na hakuamini sana.

Hatua ya nane: sauti

Mtazamaji anavumilia picha mbaya, sauti mbaya havumilii. Nunua maiki ndogo ya kubana kwenye nguo kabla hujanunua kitambaa cha kilemba cha jini. Sisi tulifanya kinyume, na epsodi ya kwanza yote ni upepo na bodaboda, ikabidi tuirudie. Adhana ikianza, simameni mpaka iishe. Ni adabu, na huwezi kuikata kwenye kuediti. Mwisho wa kila mahali mnapopiga, rekodini ukimya wa mahali hapo nusu dakika watu wote wakiwa wamenyamaza. Utautumia kuziba mapengo.

Zima friji, ile ngurumo yake inaingia kila mahali. Halafu weka funguo zako ndani ya friji hiyo, ili usiweze kwenda nyumbani bila kukumbuka kuiwasha. Sikujua ujanja huo mpaka nilipokwisha kumwozeshea mama yangu samaki wake, changu na kolekole wa siku nne.

Hatua ya tisa: adabu na vibali

Filamu na michezo ya kuigiza Tanzania Bara inasimamiwa na Bodi ya Filamu kwa sheria ya mwaka 1976. Nenda ukaulize kuhusu kibali na madaraja ya umri wa watazamaji mapema, kabla watu hawajapanga siku zao. Muziki ni hivyo hivyo. Taarabu uliyoikuta kwenye simu ina mwenyewe, na mambo ya hakimiliki yako COSOTA. Sisi tulimpata kijana wa mtaani anayepiga kinanda, akatutungia ya sekunde kumi na mbili.

Maneno ya jini yatunge mwenyewe. Usimtie mdomoni aya, dua, wala jina la ruhani ambalo watu wanaliitia kweli. Mjomba wetu husema majina ya samaki kwa kinyume, basi.

Utashawishika kufungua mfululizo kwa mdila kuokotwa kwenye Mapango ya Amboni. Usifanye. Ni pazuri, lakini ndani ni giza la kushinda simu yako, kuna taratibu za kufuata, na kuna mahali humo watu huenda kwa maombi yao na kuacha sadaka. Hao si mapambo ya kichekesho chako. Makaburi ya Tongoni, vivyo hivyo. Da Hawa wetu aliununua mdila kwa fundi wa kuziba sufuria, akapunguziwa bei, na fundi alipopewa hela akafunga kibanda akakimbia.

Hatua ya kumi: wape wazee kwanza

Kabla hujaitupa mtandaoni, ionyeshe barazani. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, kahawa na kashata. Usitazame picha, watazame watu, na daftari mkononi: wamecheka wapi, wamekohoa wapi, nani ameinuka kwenda nyumbani. Tulikata dakika tatu nzima kwa sababu ya mzee mmoja aliyeanza kuomba kiberiti pale pale kila tulipoirudia.

Na msikilize atakayeuliza. Epsodi ya kwanza ilipokwisha, yule bibi mwenye nyumba, aliyekuwepo siku zote tulizopiga na aliyejua kila kitu, alimgeukia kijana aliyeigiza Mjomba, ambaye ni mtu wa Makorora, hapa hapa Tanga, na anamfahamu tangu utotoni, akamuuliza kwa upole, "Na huko kwenu Pemba, ni Wete au Chake?" Kijana akatutazama sisi. Sisi hatukuwa na jibu. Ndipo tulipoketi usiku ule ule kuandika epsodi ya pili, ambamo jirani anakuja na mgeni wake, na mgeni ni Mpemba kweli.